Kwa nini radio inaandika HARUSI~1: historia ya mstari wenye visanduku 32

Leo hatusemi bei ya unga wala kukatika kwa umeme. Tunajibu ulizo la mama mmoja aliyetoka upande wa Moba, ambaye hatutaji jina lake kwa sababu alituomba hivyo.

Alikuja na radio ndogo, zile zenye tundu la flashi na tundu la kadi, ambazo kila nyumba inazijua. Ndani ya kadi yake ya zamani mna vitu alivyoweza kukimbia navyo: sauti ya marehemu mume wake akihubiri, nyimbo za harusi ya dada yake, foto za diploma za watoto, na foto ya karatasi ya kiwanja. Nyumba haipo tena, na karatasi zenyewe hazipo tena. Kadi ile iko.

«Papa,» aliniambia, «hii radio inakata majina. Mtoto aliandika vizuri, Harusi ya Dada Moba 2016. Radio inaandika HARUSI~1. Tena kuna HARUSI~2, HARUSI~3. Mimi sijui ipi ni ipi. Na tena hii kadi mpya, ya GB 64, mwanangu alininunulia ili tuhamishe vitu vyote, radio haiioni hata kidogo. Nikaiweka ndani ya telefone ya jirani, ikasema kadi imeharibika, eti niformati. Nikakataa kubonyeza.»

Alifanya vizuri kukataa. Tutarudia jambo hilo.

Nilimpeleka kwa kijana mmoja wa fotokopi karibu na soko la Kenya. Jibu lake lilikuwa fupi: radio ni ya bei ya chini, ndiyo sababu. Na mimi niliamini hivyo kwa siku kadhaa. Lakini nilipoanza kusoma habari hizi nikakuta kwamba ile alama ~1 haikutoka kwa fundi mvivu. Ilitoka kwa watu waliofikiri sana namna ya kubadilisha kitu bila kuvunja kazi za wengine, na historia yake ni ya karibu miaka 50.

Anza na daftari la shefu wa kartie. Kila jamaa ana mstari wake: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali alikotoka, hesabu ya watoto. Sasa fikiri daftari lisilo na mistari ya kusimama wala vichwa vya habari juu. Kuna visanduku tu, kila kimoja kinaingia herufi moja. Karani anajua kwa kuhesabu: kisanduku cha 1 mpaka cha 8 ni jina, cha 9 mpaka cha 11 ni kitu kingine, na kuendelea hivyo. Hasomi kichwa cha habari, anahesabu tu.

Flashi na kadi zetu zina daftari la namna hiyo hiyo. Kila faili, iwe wimbo ao foto, ina mstari mmoja, na kila mstari una visanduku 32 kamili, ambavyo watu wa kompyuta wanaviita baiti. Visanduku 8 vya kwanza ni jina. Vitatu vinavyofuata ni aina ya faili: MP3, JPG na kadhalika. Kimoja ni cha alama. Kumi viliachwa wazi. Viwili ni saa, viwili tarehe, viwili vinasema faili linaanzia wapi ndani ya kadi, na vinne vya mwisho ni ukubwa wake. Ukijumlisha unapata 32. Hivyo ndivyo mstari ulivyokuwa mwaka wa 1983, na mpaka leo umbo lake ni lile lile.

Kwa nini mtu asiongeze visanduku tu? Kwa sababu ya wale wanaohesabu. Shefu akiongeza sehemu ya namba ya telefone katikati ya mstari, karani wa ofisi nyingine ambaye hakuambiwa ataendelea kuhesabu kama jana. Atachukua namba ya telefone aandike ni mwaka wa kuzaliwa. Hatajua kwamba amekosa, na wewe utakuja kuambiwa kwamba mtoto wako ana miaka 900. Programu za kompyuta ni makarani wa namna hiyo. Mara nyingi hazina mahali pa kuuliza «je, umbo limebadilika?» Aliyezitengeneza alishamaliza kazi yake, pengine alishakufa, na programu inaendelea kuhesabu.

Umbo hili lilitoka wapi? Visanduku 8 na 3 vya jina vinatoka katika mfumo mmoja ulioitwa CP/M, ambao Gary Kildall, Mmarekani, aliutengeneza mwaka wa 1974. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza ndani ya mashini na kuzihudumia programu zingine zote. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo sana, hata herufi moja ilikuwa mali. Herufi 8 zilionekana zatosha.

Mwaka wa 1977, Marc McDonald, mfanyakazi wa Microsoft, akatengeneza orodha inayosema ni vipande gani vya diski vimetumika na kipande kipi kinafuata kipi. Orodha hiyo ndiyo FAT, jina ambalo mtu yeyote aliyeformati flashi ameliona. Mwaka wa 1980 Tim Paterson, wa kampuni ndogo ya Seattle Computer Products, alikuwa anaandika mfumo mpya wa kompyuta mpya. Shida yake ilikuwa moja: programu zote zilizokuwako sokoni ziliandikwa kwa CP/M. Mfumo mpya bila programu ni kama gari bila barabara. Basi akachukua orodha ya McDonald, lakini majina na namna ya kuita mafaili akavilinganisha na CP/M, ili wenye programu waweze kuzihamisha bila kuandika upya. Microsoft ilinunua kazi ile mwaka wa 1981, na mwezi wa nane mwaka ule IBM ikaitoa ndani ya kompyuta yake kwa jina la DOS. Wakati ule hapa kwetu ni Zaïre, mkoa unaitwa Shaba.

Mwaka wa 1983 DOS 2.0 ilileta folda ndani ya folda, na namna mpya kabisa ya kufungua faili. Ile namna ya zamani, ya CP/M, haikuondolewa. Iliachwa ikifanya kazi pembeni, kwa sababu kulikuwa na programu zilizoijua hiyo peke yake. Utaona jambo hili likirudi tena na tena: kipya kinajengwa, cha zamani hakibomolewi, na nyumba inazidi kuwa na vyumba vya ajabu.

Sasa tuje kwenye HARUSI~1.

Miaka kumi na mbili baadaye kompyuta zimejaa ulimwenguni, na watu wamechoka na herufi 8. Wenye mashini za Macintosh walikuwa tayari wanaandika majina marefu. Microsoft ilikuwa inatayarisha Windows 95, iliyotoka tarehe 24 mwezi wa nane mwaka wa 1995, na ilitaka majina mpaka herufi 255. Lakini mstari wa daftari una nafasi ya 8 na 3 tu. Kuurefusha mstari? Kila programu ya DOS ingeanza kusoma takataka. Kuweka majina marefu katika faili la pembeni? Siku mtu anapohamisha wimbo kwa programu ya zamani, wimbo utaondoka na jina litabaki nyuma.

Walichofanya ni ujanja, na mimi nasema ni ujanja mzuri. Kumbuka kile kisanduku kimoja cha alama. Kila alama ina namba: 1 maana yake «faili hili lisiandikwe juu yake», 2 «faili limefichwa», 4 «faili la mfumo», na 8 «hili si faili, ni jina la diski yenyewe». Unaweza kujumlisha: lililofichwa na la mfumo ni 6. Zote nne pamoja ni 15, na hakuna mtu mwenye akili aliyekuwa na sababu ya kuandika 15, kwa maana jina la diski haliwezi tena kuwa faili lililofichwa. Programu za zamani, zikikuta ile 8 ndani ya alama, zilikuwa na desturi ya kuruka mstari na kuendelea. Jina la diski haliwahusu.

Basi watu wa Windows 95 wakaandika majina marefu ndani ya mistari ya bandia yenye alama 15. Kila mstari wa bandia unabeba herufi 13. Jina la wimbo wa mama yetu, pamoja na nafasi na ile .mp3 ya mwisho, lina herufi 28. Linahitaji mistari mitatu ya bandia. Kisha unafuata mstari wa kweli, wa zamani, wenye visanduku vyake 8 na 3, na ndani yake mfumo unaandika jina fupi alilolitunga wenyewe: herufi sita za kwanza, ile alama ~, na namba. HARUSI~1. Wimbo wa pili unaoanza na neno Harusi unakuwa HARUSI~2.

Programu mpya inasoma mistari yote minne na kuonyesha jina refu. Programu ya zamani inaruka ile mitatu, inafika kwenye mstari wa kweli, na inafungua wimbo bila kujua kwamba kuna kitu kimepita.

Niwaonyeshe walivyokuwa waangalifu. Herufi 13 za mstari wa bandia haziko pamoja. Ziko tano, kisha sita, kisha mbili, zimegawanywa. Kwa nini? Kwa sababu kati ya zile tano na sita pana kisanduku cha alama, ambacho lazima kibaki mahali pake pale pale. Na kati ya zile sita na mbili pana vile visanduku viwili vinavyosema «faili linaanzia hapa». Hivyo viliachwa sifuri kwa makusudi. Programu ya zamani isiyoruka, inayochungulia kila mstari, itakuta sifuri na kuelewa kwamba hakuna kitu cha kufuata. Wangejaza herufi pale, programu ile ingefuata namba ya uongo mpaka katikati ya faili la mtu mwingine, na pengine kuliharibu.

Tena kila mstari wa bandia unabeba namba ndogo ya hesabu iliyotolewa kwa jina fupi. Mtu akibadilisha jina fupi kwa programu ya zamani, hesabu hazilingani tena, na Windows inajua kwamba yale majina marefu ni yatima, haitayabandika kwenye faili lisilo lao.

Haikuwa kamilifu. Kulikuwa na programu za kutengeneza diski ambazo zilishuka chini mpaka kwenye visanduku vyenyewe. Zilipoona mistari yenye 15 zilidhani ni uharibifu, zikaifuta. Microsoft yenyewe ililazimika kuweka kwenye CD ya Windows 95 programu ndogo ya kuyahifadhi majina marefu kabla ya kutumia vyombo vile, na kuyarudisha baadaye.

Sasa mnaelewa radio ya mama. Ndani yake mna programu ndogo sana inayojua mstari wa kweli peke yake. Aliyeiandika alitaka icheze nyimbo kwa kutumia kipande cha bei ya chini, na mistari ya bandia hakuishughulikia. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja ya Ruashi, mwaka huu, mna kitu kinachosoma kama DOS ya mwaka wa 1983. Na kinasoma! Kadi iliandikwa na telefone ya juzi, na kile kichwa cha zamani kinapata wimbo na kuucheza. Jina limekatwa, sauti ya marehemu imebaki nzima.

Kwa lugha yetu ubaya wake ni mkubwa kuliko kwa Kiingereza, nadhani. Sisi tunapenda kuanza na neno la jumla: Harusi ya, Maombi ya, Mazishi ya. Herufi sita zinakwisha kabla hatujafika kwenye jina la mtu. Jamaa mmoja alinionyesha kadi yake: MAZISH~1 mpaka MAZISH~4. Hatukuendelea kuzungumza habari ya kompyuta siku ile.

Dawa ni ndogo: andika jina lisilozidi herufi 8, bila nafasi ndani yake, na anza na kile kinachotofautisha. MOBA2016.MP3 inaingia nzima kwenye mstari wa kweli, na radio yoyote itaionyesha yote.

Twende kwenye kadi ya GB 64, maana pale ndipo watu wanapoteza vitu.

Vile visanduku kumi vilivyoachwa wazi, Windows 95 ilianza kuvila: tarehe ya kuumbwa kwa faili, siku ya mwisho lilipofunguliwa. Viwili kati yake vikaokoa jambo kubwa. Namba ya mahali faili linapoanzia ilikuwa na visanduku viwili, na visanduku viwili haviwezi kuhesabu zaidi ya vipande 65,536. Kwa vipande vya kawaida vya wakati ule, diski isingeweza kupita GB 2. Mwezi wa nane mwaka wa 1996 ikatoka FAT32. Badala ya kupanua mstari, wakachukua visanduku viwili vilivyokuwa wazi wakaweka humo nusu ya pili ya namba. Namba moja imekatwa vipande viwili na kuwekwa mahali pawili mbalimbali ndani ya mstari mmoja. Haipendezi kuangalia, lakini mstari ulibaki wa visanduku 32.

Ukubwa wa faili haukupata bahati hiyo. Vile visanduku vinne vya mwisho vilibaki vinne, na vinne vinahesabu mpaka baiti 4,294,967,295, basi. Ndiyo sababu video ndefu ya harusi inayopita GB 4 inakataa kuingia kwenye flashi hata kama flashi ina nafasi ya GB 20. Wengi wanadhani flashi imekufa, kumbe mstari umejaa. Na tarehe nayo: inahesabiwa kuanzia mwaka wa 1980, basi chombo kisicho na saa kinaandika tarehe 1 mwezi wa kwanza 1980. Msishangae kuona foto ya mtoto wa miaka mitatu yenye tarehe hiyo.

Hapa niruhusuni nitoke kidogo, kwa sababu Lubumbashi ina mfano wake wa jambo hili, nao ni wa chuma. Reli ilifika mji huu mwaka wa 1910 ikitoka kusini, na upana wake ulikuwa milimita 1,067, upana wa reli za Rhodesia na Afrika ya Kusini. Upande wa maziwa, kampuni nyingine, ile ya CFL, ilijenga reli ya Kabalo mpaka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwa upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu ao vinne. Lakini behewa la huku halikuweza kwenda kule. Katika miaka ya 1950, reli ya Kamina ilipofikishwa Kabalo, waliamua kusogeza reli za upande wa Kalemie zifikie 1,067. Hapo wenye reli na wenye mabehewa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliweza kukaa mezani, wakapanga siku, wakabadilisha vyote.

Katika kompyuta wako wanaoweza kufanya vile. Watu wa OpenBSD, mfumo mmoja wa bure, mwaka wa 2014 walibadilisha namna mfumo wao unavyohesabu saa, kutoka visanduku vinne mpaka vinane, kwa sababu hesabu ya vinne inaisha tarehe 19 mwezi wa kwanza 2038. Programu za zamani zilivunjika, lakini wao wenyewe wanatengeneza upya karibu programu zao zote kila mara wanapotoa mfumo mpya, basi hawakuogopa. Linux haiwezi hivyo. Linus Torvalds ameshikilia miaka mingi sheria kwamba badiliko linalovunja programu za watu ni kosa la mfumo, si kosa la programu. Linux ya kompyuta za zamani iliwahi kubeba maumbo matatu ya habari za faili kwa wakati mmoja: la kwanza, la pili, la tatu, kila moja kwa programu za umri wake.

Na daftari la kadi ni gumu kuliko yote, kwa sababu halina mwenyewe. Kadi moja ya mama yetu imepita ndani ya telefone tatu, kompyuta ya sekretariati, radio, na dekoda ya jirani. Nani angewaita wote mezani?

Hata hivyo, siku ilifika ambapo mstari wa zamani haukutosha. Mwaka wa 2006 Microsoft ilitoa exFAT. Mistari bado ni ya visanduku 32, lakini maana ya visanduku ni mpya kabisa, ukubwa wa faili una visanduku vinane, na jina fupi halipo. Hakuna HARUSI~1, hakuna mstari wa kweli wa kuokoa radio ya zamani. Mwaka wa 2009 watengenezaji wa kadi wakakubaliana kwamba kadi zinazopita GB 32 zitauzwa zikiwa na exFAT. Ndiyo sababu kadi ya GB 32 inacheza na ya GB 64 inanyamaza, katika radio ile ile.

Kulikuwa tena na pesa katikati. Microsoft ilikuwa na haki za uvumbuzi juu ya FAT na exFAT. Mwezi wa pili mwaka wa 2009 iliishitaki TomTom, kampuni ya Uholanzi inayotengeneza vyombo vya kuonyesha njia ndani ya gari, na kati ya mashitaka yale mlikuwa ule ujanja wa majina mafupi na marefu. Walipatana mwezi uliofuata, TomTom ikilipa na kukubali kuondoa ujanja ule ndani ya vyombo vyake. Kile kilichotengenezwa ili programu za zamani zisiachwe nyuma, kikawa mlango wa kulipia. Kwa exFAT, mwenye kutengeneza radio ya bei ya chini aliona kuna gharama na akaiacha. Ni mwaka wa 2019 tu Microsoft ilipotangaza maelezo yote ya exFAT na kuruhusu iingie ndani ya Linux, na mwaka wa 2020 Samsung ikatoa kipande kizuri cha kuisoma. Radio zilizotengenezwa kabla, na nyingi zilizotengenezwa baada, hazina habari hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi ambao kadi ndiyo sanduku la nyumba. Telefone ao chombo kingine kikisema «kadi imeharibika», mara nyingi maana yake ni «sijui umbo hili». Chombo hakiwezi kutofautisha daftari lililochomwa na daftari la lugha kisichoijua. Kikikuuliza kuformati, kinaomba kufuta daftari na kuanza jipya. Ukibonyeza ndiyo, unaweza kupoteza vitu ambavyo vilikuwa vizima. Toa kadi. Ipeleke kwenye kompyuta yenye Windows 7 ao ya baadaye, hizo zinasoma exFAT. Nakili vyote mahali pawili. Kisha ndipo uformati, na uchague FAT32. Windows katika dirisha lake la kawaida haikubali FAT32 kwa kadi inayopita GB 32. Mpaka huo aliuweka mfanyakazi mmoja, Dave Plummer, katika miaka ya 1990, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba alichagua tu namba iliyoonekana kubwa kwa wakati ule. Vijana wa fotokopi wanajua programu zingine za kuupita. Kama hamtaki matata, nunueni ya GB 32.

Na angalieni kadi za bandia sokoni, zilizoandikwa 64 na ndani ni 8. Hilo si jambo la historia, ni wizi, tutaliandikia siku yake.

Tulirudi kwa mama Jumamosi. Kadi mpya ilikuwa tupu, basi tuliipanga kwa FAT32, tukanakili kadi ya zamani bila kuigusa, na nakala nyingine tukaweka kwenye flashi anayoshika mwanaye. Video moja ya harusi ilikuwa GB 5 na kidogo kwenye kompyuta ya shemeji, ikabidi tuikate mara mbili. Majina tuliyaandika pamoja naye, herufi nane nane, ikatuchukua mchana mzima kwa sababu kila wimbo ulimkumbusha mtu. Alipofika kwenye ule wa kwanza nikauliza tuuite nini. Akasema tuuache kama ulivyo, watoto wamezoea kusema «tia harusi mbembe moja», mbembe ikiwa jina walilolipa lile kikunjo ~ kwa kuwa linafanana na mgongo wa samaki anayeogelea.